Boksi la Tawi Letu

...milioni nne, amesema milioni nne bila hata kukohoa, na binti wa watu ameandika, kidole chake kimegonga kile kishikwambi mara nne tano na basi, imeshakuwa kweli, itafika chuoni ikiwa kweli, na mimi nimekaa hapa barazani kwenye kigoda na ungo mapajani natoa mawe kwenye maharage, jiwe, jingine, haya maharage ya Qurus yana mawe kuliko ya zamani au ni macho yangu tu... milioni nne, Fabian, milioni nne si hata nusu ya nyama waliyokula, gari peke yake lilikwenda thelathini na nane, na sikuwepo lilipouzwa, nilikuwepo lilipoondoka, nimetoka kanisani nimeshika Biblia na kitenge cha kwaya, nikaona Landikruza letu linatoka kwenye lango letu na mtu nisiyemjua kwenye usukani, akanipungia mkono kama mpangaji anayehama, na Fabian amesimama palepale uani ana bahasha kwapani, akaniambia, "Mama Eliamani, usiulize leo, uliza baada ya kura." Nikamtii. Sikuuliza. Na baada ya kura hakukuwa na cha kuuliza.

Binti anaitwa Kakenya, amejitambulisha vizuri, ameamkia mpaka kuku, ametoka Ngorongoro huko juu, baba yake mfugaji, yeye ndiye wa kwanza kwao kufika chuo kikuu, na anachotafiti, kasema, ni pesa za kampeni na kura zinavyohusiana, "Nataka kujua, baba, kama anayetumia nyingi ndiye anayepata nyingi, au sivyo," na Fabian akacheka kile kicheko chake cha wageni, kicheko alichokuwa akiwachekea Wazungu miaka kumi na tisa, walipomuuliza kama simba anaweza kuruka akaingia kwenye gari, na akamwambia aandike, hana cha kuficha, na binti akasema jina halitaandikwa popote, baba, itakuwa namba tu, mgombea namba fulani, kata fulani, basi. Namba tu. Amekoroga sukari kwenye chai yake vijiko vitatu, watoto wa chuo wana njaa, nimwekee na kiazi, hapana, nikiinuka nitaonekana nakimbia, ngoja nimalize ungo... "Na kura ulizopata, baba?" "Sitini na mbili." Hiyo hajadanganya. Sitini na mbili kati ya wajumbe wa chama mia mbili na kumi na sita, Josephati mwenye mashine ya kusaga mia moja thelathini na moja, yule mwalimu mstaafu aliyebaki ishirini na tatu, namba hizi nazijua kuliko tarehe za kuzaliwa za wazazi wangu, zilisomwa mara mbili kwa kipaza sauti mbele ya ofisi ya kata saa tisa mchana, jua kali, na mara ya pili Fabian alikuwa ameshavua kofia.

Walikula, Mungu wangu, watu wale walikula, wiki tatu jiko langu halikupoa, madume wawili ya ng'ombe na mbuzi sijui wangapi, wali wa gunia zima, nimewapikia mimi, mikono hii, nimewanawisha mimi, wanakula wanafuta mikono kwenye kanga mpya tulizowapa sisi na wanasema, "Diwani, kazi imekwisha hii, subiri kuapishwa," wanamwita diwani kabla ya kura na Fabian anatabasamu anawasindikiza mpaka barabarani, anatia kitu mkononi kwa huyu, anamjazia huyu pikipiki mafuta, vijana wa Daa wakataka jezi wakapata jezi na mipira, kikundi cha kinamama kikataka masufuria, kwaya ikataka kinanda, na wote, wote, walikuwa wanapita pia kwa Josephati kusaga, na kwa Josephati mtu akikosa hela ya kusaga alisagiwa, akaambiwa ataleta siku nyingine, miaka kumi hiyo, mwaka ule wa ukame nusu ya kata ilikula unga wa mashine ile bila kulipa, sasa binti huyu na kishikwambi chake hiyo ataiandika wapi, ile ilikuwa kampeni au ilikuwa ubinadamu, ana mahali pake kwenye maswali yake? Fabian aliamini kwamba watu wanakumbuka nyama ya juzi. Mimi nilimwambia, nilimwambia mara moja, wakati tunatandika kitanda, "Baba Eliamani, hawa hawaondoki wakiwa na deni kwako, wanaondoka wameshiba," akaniambia siasa sizijui, nibaki na kwaya yangu. Wiki ile ile Eliamani akarudishwa kutoka shule. Kidato cha tatu, amebeba begi lake na ndoo, mchango wa chakula haujalipwa, nikamwendea baba yake, alikuwa na watu sebuleni, akanionyesha kiganja hivi, subiri, akamtolea mzee mmoja elfu hamsini ya kununulia dawa za ng'ombe mbele yangu, mbele ya mtoto, na mtoto akageuka akaenda kuosha ndoo ambayo haikuwa chafu.

"Mama, samahani, naomba maji kidogo," binti anasema, nampa, nakaa tena, maharage, jiwe, nilikuwa wapi... kwa Eliamani. Kwa Anneth. Anneth alikuja siku ya pili yake, saa nne asubuhi kama hivi, tumeimba naye sauti ya pili miaka sita, alikuwa wa upande wa Josephati na kila mtu anajua, akakaa pale pale alipokaa binti huyu, akasema amesikia mtoto amerudishwa, akaweka nusu kilo ya sukari kwenye meza, ile ya kupimiwa dukani kwenye mfuko wa karatasi ya kaki, akasema, "Wewe ni mjumbe, Eliaichi, na kura ni yako, siyo ya mumeo. Sikuombi kitu. Chemsha chai," na akaondoka. Nilipomimina sukari kwenye kopo ikatoka karatasi imekunjwa, ndani yake noti tatu za kumi. Elfu thelathini. Nilikaa chini jikoni. Sikumwambia mtu, si mama mkwe, si mchungaji, nilichoma ile karatasi na ule mfuko kwenye jiko palepale, nikaongeza hela yangu ya mayai, Eliamani akarudi shule Jumatatu, na Fabian alipouliza mtoto yuko wapi nikasema shule wamekubali kusubiri, akasema unaona, nilikwambia, watu wananiheshimu.

Na siku ya kura... nimejieleza mambo mengi kuhusu siku ya kura. Nimejiambia kwamba wajumbe wenzangu walikula kwa mikono miwili na wakachagua walivyotaka, hawakuona haya, ni mimi tu niliyelelewa Machame na baba mzee wa kanisa, baba aliyenirudisha dukani kilomita mbili kwa sababu ya shilingi ya chenji iliyozidi, ni mimi tu niliyeona nimechukua hela ya mtu na sina haki ya kumdhulumu, kwa hiyo niliingia nyuma ya lile turubai, nikashika kalamu iliyofungwa kwa kamba ya katani, jina la mume wangu la pili, la Josephati la kwanza, nikaweka alama kwa Josephati. Uaminifu. Nimejiambia uaminifu mwaka mzima. Nimekwenda mbele kwenye meza ya Bwana nikasema uaminifu. Lakini mkono wangu haukutetemeka, hilo ndilo... kama ingekuwa uaminifu ungetetemeka, ulikwenda moja kwa moja kama mkono wa mtu anayezima jiko, kwa sababu ya gari, kwa sababu ya mtoto na ile ndoo, kwa sababu ya diwani diwani diwani asubuhi mpaka jioni, nilitaka ashindwe, nilitaka ashindwe arudi nyumbani awe Fabian dereva anayenisimulia kifaru alivyowasimamisha saa nzima kule kreta, nilitaka mume wangu, nikalipwa na adui yake kumtaka.

Ingepotea. Kura moja kati ya mia mbili na kumi na sita ingepotea kama jiwe kwenye gunia. Lakini kila tawi lilikuwa na boksi lake, na walisoma boksi kwa boksi, na tawi letu ni wajumbe kumi na mmoja tu, wote ndugu au majirani wa ukuta kwa ukuta, watu ambao Fabian hakuwapa hata soda kwa sababu damu haihongwi, alisema hivyo, na msimamizi akasoma, "Fabian kumi, Josephati moja," na nikamwona Fabian anageuza shingo. Alikuwa ameshashindwa kwa kura karibu sabini, matawi mengine yameshammaliza, nyama na kanga na vinanda vyote vimemmaliza, na bado ilikuwa ile moja iliyomgeuza shingo. Akamwangalia Noel. Siyo mimi. Noel mdogo wake, tumbo moja, aliyekuwa akiosha lile gari kila lilipotoka porini mpaka mavumbi ya chini ya mazulia, Noel ambaye kosa lake ni kwamba wiki ile alionekana amekaa na Josephati wanacheka mashineni. "Noel," akamwambia mbele ya watu wote, "umeniuza kwa bei gani?" Noel akacheka akidhani ni utani. Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Kaka, kwa marehemu baba, nimekupa wewe." Na mimi nimesimama katikati yao, nimeshika chupa ya maji ya Fabian, nikafungua kifuniko nikafunga, nikafungua nikafunga.

Sikusema. Nilisema nitasema jioni, nikasema Jumapili, halafu Fabian akamtolea vitu vyake nje, godoro, redio, lile jembe la kukokotwa na ng'ombe walilonunua wote wawili, na mama mkwe anapiga kelele kwa Kiiraqw anawaita wote wawili majina yao ya utotoni, na Noel akapakia kwenye pikipiki, akaja kuniaga mimi jikoni, mimi, akasema, "Shemeji, mtunze kaka, ameumia, atapoa." Amekwenda Sale, analima shamba la mtu huko mbali Ngorongoro, mahindi na maharage, anaishi peke yake kwenye chumba cha mabati, watu wa mnadani wanasema amekonda. Mwaka sasa. Mama mkwe kila Jumapili baada ya kula ananiuliza mimi, hamuulizi mwanawe, "Noel hajatuma neno?" na namwambia bado, mama, na naosha vyombo vyake, na kila Jumapili nafanya mazoezi ya maneno. Nimeyapanga maneno yale vizuri mno. Nitaanza na Eliamani, nitaweka ndoo, nitaweka kiganja, nitapiga magoti, yeye atapiga au atalia au atanirudisha Machame, lakini Noel atarudi, nimeweka siku, nimebadilisha siku, siku ya ubatizo, siku ya mavuno, mwaka mzima nimeishi nikiingojea siku atakayojua kama mtu anavyongoja upasuaji...

"...swali la mwisho kwenye sehemu hii, baba. Kuna kura ulizozitegemea ambazo hukuzipata?" "Nyingi, binti yangu. Mia na zaidi waliniapia." "Unafikiri ni kwa nini?" "Wengine walizidiwa bei. Wengine sijui. Ukitaka kuandika, andika mvua haina mwenyewe." Binti anacheka kwa adabu. Fabian hacheki. Nasikia kikombe kinarudi kwenye sahani, halafu anasema kwa sauti ya chini, sauti asiyotumia kwa wageni, "Lakini moja iliniuma. Moja ya hapa nyumbani. Mdogo wangu." "Alinunuliwa?" "Alinunuliwa." "Unajua kwa kiasi gani, baba? Kama unajua." Na Fabian anasema, "Elfu thelathini. Ndani ya mfuko wa sukari."

Mkono wangu uko kwenye maharage. Uko palepale. Amesema sukari. Nani anamhonga mwanamume kwa sukari, kijana asiyeoa, anayekula kwetu, hana hata kopo la kuiwekea... elfu thelathini, hakuna aliyejua elfu thelathini ila mimi na Anneth na moto, basi Anneth amesema, au mtu wa Josephati amejisifu mashineni, haidhuru nani, anajua. Fabian anajua. Hanitazami, anatazama barabarani, magari ya watalii yanapanda kwenda getini, vumbi, na kikombe chake mbele yake ni chai isiyo na sukari, na sasa naona, mwaka mzima hajatia sukari kwenye chai ya nyumba hii, alisema ni ushauri wa daktari, nikamwamini, nilimsifu mbele ya watu, nikasema mume wangu anajitunza. Tangu lini? Ilianza siku ile ile? Hapana, siku ile alimgeukia Noel kwa hasira ya kweli, ile haikuwa ya kuigiza. Ni baadaye kidogo, Noel ameshapakia au hajapakia... sukari aliacha lini, kumbuka Eliaichi, aliacha kabla ya godoro kutoka nje. Kabla. Nilimtengea chai asubuhi ya godoro, akakisukuma kikombe, akasema kuanzia leo bila sukari, halafu akainuka akaenda kutoa vitu vya mdogo wake nje mmoja mmoja. Akijua. Alilibeba lile godoro akijua.

Kwa sababu mtu aliyeuzwa na mdogo wake anahurumiwa, watu wanamnunulia bia, wanasema ndugu ndivyo walivyo, lakini aliyeuzwa na mkewe hapiti sokoni Karatu, hapati hata kazi ya kubeba wageni wa mtu mwingine, alishapoteza gari na kura na jina la diwani, akatazama kilichobaki, akaona nimebaki mimi, na akanilipia. Akanilipia kwa Noel. Hiyo nayo, binti, haimo kwenye milioni nne. Na mimi nilidhani ninamficha, kumbe usiku na mchana tumelala pembeni ya kitu kimoja, kila mmoja amegeukia ukuta wake, na maneno yangu yale yote, ndoo, kiganja, magoti, ya kumwambia nani? Hakuna siku inayokuja. Ilishapita, ilipita asubuhi moja kwenye kikombe cha chai na sikuiona, hakuna kupigwa, hakuna kulia, hakuna kurudishwa Machame, ni hivi hivi tu mpaka mmoja atakapozikwa na mwingine, na mama mkwe atauliza Jumapili, na sisi wawili tutatazama sahani.

"Mama," binti amenigeukia, ana uso mzuri, hajui chochote, "nimesikia na wewe ulikuwa mjumbe. Naweza kukuuliza maswali mawili matatu? Jina halitaandikwa." Na Fabian, bado anatazama barabara, anasema taratibu kabisa, "Muulize tu." Siyo kwa ukali. Ndivyo alivyokuwa akiwaambia wageni, shukeni tu, hapa hakuna hatari. Ananiachia. Anataka niseme au anataka kuona kama nitasema, sijui, mume wangu simjui... na nikisema, nikisema hapa, itakuwa namba, mjumbe fulani, kata fulani, elfu thelathini, kura moja, itasomwa na watu wenye miwani kwenye chumba ambacho sitakiona, watasema unaona, pesa inafanya kazi, au watasema haifanyi, na hakuna hata mmoja wao anayejua njia ya kwenda Sale. Ukweli wote utaandikwa na Noel atabaki anapalilia shamba la mtu. Naweza kwenda mwenyewe, kuna gari la Loliondo linalopita huko, nauli ninayo, sikosi nauli, nakosa uso, ningesimama mlangoni kwenye chumba cha mabati na uso upi, na atasema nini, ataniambia shemeji, ingia ndani, kuna jua... ndiyo, ndivyo atakavyosema, na hilo siliwezi. Maharage yapo mapajani, nusu hayajachambuliwa. Binti amenyoosha kidole juu ya kile kioo, anangoja. Fabian hajainuka.

"Nilikuwa mjumbe, mwanangu," nasema. "Uliza."